Fuwele Iulizwe Kwanza: Kutatua Matatizo ya Vigunduzi vya PET kwenye Hewa ya Malindi

Mwongozo huu ni wa fundi, mwalimu au mwanafunzi mwenye meza ya kufundishia PET (upigaji picha wa ndani ya mwili kwa kutumia positroni) hapa Malindi au popote pwani: vigunduzi viwili vinavyotazamana, chanzo kidogo cha Sodiamu-22 katikati, vikuza-ishara, oskiloskopu au kadi ya kurekodi mapigo, na kompyuta. Skana ya hospitali ina mhandisi wake na taratibu zake, na asiyehusika asiguse hata skrubu yake moja. Ila fizikia ni ile ile, na dalili nyingi zinafanana.

Positroni, chembe kama elektroni lakini yenye chaji chanya, inayotoka kwenye Sodiamu-22 hukutana na elektroni, zote mbili zikatoweka, na mahali pake zikatoka fotoni mbili za mionzi ya gama zenye keV 511 (keV ni kipimo cha nishati), kila moja ikikimbilia upande wake. Ikiingia kwenye fuwele ya LYSO, fotoni moja huzaa mmweko wa mwanga wenye fotoni ndogo zipatazo 15,000, unaofifia kwa nanosekunde 40 hivi. Nyuma ya fuwele kuna SiPM, chipu ya silikoni inayogeuza mmweko huo kuwa pigo la umeme. Vigunduzi vyote viwili vikipiga kwa wakati mmoja tunasema tumepata tukio pacha, na picha yote ya PET imejengwa juu ya matukio hayo.

Meza ikigoma, wengi hukimbilia saketi na programu. Mimi nashikilia kwamba fuwele iulizwe kwanza, kwa sababu inajibu bila kuhitaji kifaa cha ziada, na jibu lake linakuonyesha nusu ya kazi iliyobaki.

Kipimo kilichomo ndani ya fuwele

LYSO ina lutetiamu, na asilimia 2.6 ya lutetiamu ya asili ni Lutetiamu-176, ambayo ina mionzi yake yenyewe. Nusu-maisha yake ni zaidi ya miaka bilioni 30, kwa hiyo haitabadilika katika uhai wako wala wa wajukuu wako. Sentimita moja ya ujazo ya LYSO hutoa mipasuko ipatayo 280 kwa sekunde. Fuwele ya milimita 3 kwa 3 kwa 20 ina ujazo wa sentimita 0.18, basi tarajia mipasuko karibu 50 kwa sekunde.

Weka chanzo kwenye kabati lake, mbali na meza. Funga kisanduku cha kigunduzi, washa, subiri joto litulie, kisha hesabu. Ukiona 40 au 50 kwa sekunde, fuwele iko salama, SiPM inaona, volteji inafika na kikuza-ishara kinafanya kazi. Ukiona sifuri, njia imekatika mahali. Ukiona maelfu, kuna kitu kingine kinachohesabiwa badala ya fuwele. Tazama pia umbo la spektra, yaani grafu ya hesabu kwa kila nishati: ya lutetiamu ni mlima mpana usio na ncha kali, wakati fotoni za 511 za chanzo huonekana kama kilele. Ikiwa hesabu zote zimerundikana kwenye ukingo wa kushoto, hiyo ni kelele. Andika namba ya kila kigunduzi kwenye karatasi uibandike juu ya kisanduku. Kigunduzi kilichokuwa na 47 mwezi uliopita na leo kina 30 kimepoteza kitu, hata kama picha bado inaonekana nzuri.

Jambo hili halikubuniwa kwa ajili ya wenye vifaa vichache. Kuna skana mpya za hospitali zinazotumia mionzi hii ya fuwele kwa ukaguzi wa kila siku. BGO, aina nyingine ya fuwele, haina mionzi hiyo, kwa hiyo mwenye fuwele za BGO kutoka skana ya zamani hawezi kukitumia kipimo hiki.

Kuhusu Sodiamu-22 yenyewe: Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 na mamlaka yake, KNRA. Ulizia kibali kabla ya kuagiza chanzo, hata kile kidogo cha shuleni.

Dalili: hesabu ni sifuri

Hii ndiyo nyepesi. Pima volteji kwenye miguu ya SiPM yenyewe, usipime kwenye pawa saplai, maana kati yao kuna kipinga na soketi, na soketi ndiyo huwa ya kwanza kulegea. Angalia kama chanya na hasi hazikubadilishana. SiPM iliyogeuzwa hupitisha mkondo mkubwa na kupata moto, kwa hiyo zima mara moja. Kama volteji iko sawa, angalia kizingiti kwenye programu, yaani kiwango cha chini cha pigo linalohesabiwa. Mara nyingi kuna mtu alikipandisha jana akakiacha huko.

Dalili: alfajiri kilele kiko 511, saa nane mchana kimeshuka

"Mwalimu, mashine inachoka mchana," aliniambia binti mmoja kutoka Mambrui, na kweli namba zake zilikuwa zinaonyesha hivyo. Nilimwambia, "Haichoki, mwanangu. Pima joto nyuma ya SiPM kila nusu saa, uliandike kando ya kilele." Hadi alasiri alikuwa na mistari miwili kwenye karatasi: joto likipanda, kilele kinashuka, hatua kwa hatua.

Sababu ni hii. SiPM huanza kufanya kazi inapovuka volteji yake ya mvunjiko, na nguvu ya pigo lake inategemea ziada iliyo juu ya hapo. Volteji ya mvunjiko hupanda na joto. Kwa SiPM za Hamamatsu za S13360 hupanda milivolti 54 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa zile za J za onsemi ni milivolti 21.5. Chumba chenye paa la mabati, mwezi wa Machi kaskazi ikiwa imelegea, kinaweza kupanda nyuzi 10 kati ya adhana ya alfajiri na saa nane mchana. Kwa S13360 hizo ni volti 0.54. Ukiwa umeweka ziada ya volti 3, umepoteza asilimia 18 ya nguvu ya pigo, na uwezo wa kunasa mwanga nao umepungua kidogo. Kilele cha 511 sasa kinasomeka chini ya 420. Skana nyingi hukubali nishati kuanzia karibu keV 435, na kama dirisha lako la nishati umelipanga hivyo, sehemu kubwa ya kilele iko nje na matukio pacha yameporomoka, ilhali hakuna kilichoharibika.

Kuthibitisha ni rahisi: joto huvigusa vigunduzi vyote viwili pamoja, huenda polepole, na usiku kilele hurudi chenyewe. Kikishuka kimoja tu na kisirudi usiku, sababu ni nyingine, na nitaieleza hivi punde.

Dawa nzuri kuliko zote ni kubandika themista (kipimajoto kidogo cha kielektroniki) nyuma ya SiPM na kuiacha saketi ipandishe volteji kadiri joto linavyopanda. Kama huna saketi hiyo, pima kilele kila saa na urekebishe spektra kwenye programu. 511 yenyewe ndiyo alama yako. Kiyoyozi kinachozimika stima ikikatika ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu joto linaruka ghafla na rekodi ya siku hiyo inakosa mpangilio. Feni ndogo inayopuliza mfululizo, ikiendeshwa na betri, inatosha watu wengi. Usipulize moja kwa moja kwenye kigunduzi kimoja tu.

Sasa, kilele kimoja kikishuka kisirudi, na kikawa kipana kuliko zamani, fikiria grisi ya silikoni iliyo kati ya fuwele na SiPM. Kwenye joto grisi hulainika na kutambaa, na fuwele iliyolala ubavu huteleza taratibu hadi kukawa na kiputo cha hewa. LYSO ina kielezo cha mpindo cha 1.82, mwanga unaokutana na hewa hurudi ndani kwa wingi, na pigo linadhoofika. Futa grisi yote, weka tone jipya dogo, kandamiza huku ukizungusha ili hewa itoke, kisha ishikilie fuwele kwa nyuma na kipande cha sponji. Utepe wa Tefloni ulioizunguka fuwele, ule wa mafundi wa mabomba, nao uangalie. Ukilowa grisi hauakisi mwanga tena. Ubadilishe.

Dalili: bila chanzo, hesabu ni maelfu

Kuna washukiwa wawili wakuu, mwanga na joto, na wote wawili huja mchana na kuondoka jioni, ndiyo maana watu huwachanganya. Chukua buibui au kitambaa chochote cheusi kizito, kikunje mara mbili, funika kisanduku chote ukitazama mkondo wa SiPM. Ukishuka papo hapo, ni mwanga. Usiposhuka, ni joto, na litachukua dakika nyingi kubadilika.

Mwanga hupita pale ambapo kebo inaingilia. Utepe mweusi wa umeme unaaminiwa mno. Kwenye joto letu gundi yake huyeyuka, utepe unateleza, na ufa wa unywele unabaki wazi. Zunguka kisanduku kwa tochi ya simu, polepole, chumba kikiwa na giza, uone ni pembe gani mkondo unaporuka. Ziba kwa silikoni nyeusi badala ya utepe.

Kama ni joto, jua kwamba kelele ya giza ya SiPM (mapigo yanayotokea bila mwanga wowote) huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 8 hadi 10. Chipu ya milimita 3 kwa 3 ina kelele ya mamia ya maelfu kwa sekunde hata kwenye nyuzi 25, lakini kila pigo la kelele ni la fotoni moja au mbili, wakati 511 inawasha zaidi ya elfu moja ya seli, vipande vidogo vya kunasa mwanga vilivyo ndani ya chipu. Kizingiti kilichowekwa mahali pake hakioni kelele hiyo kabisa. Kwa hiyo ukiwa na maelfu ya hesabu kwa sababu ya joto, tatizo ni kizingiti kilicho chini mno. Kipandishe hadi ile 50 yako irudi.

Dalili: usiku na alfajiri mapigo ya ajabu, alasiri yametulia

Hili ndilo tatizo la pwani hasa, na vitabu vya maabara za bara havilitaji. Chumvi ya bahari huruka na upepo na kutua juu ya kila kitu, kwenye bodi, kwenye soketi, kwenye nyuzi za kebo. Ikiwa kavu haina madhara makubwa. Lakini unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, chumvi huvuta maji na kuwa utando wa majimaji unaopitisha umeme. Usiku wa Malindi unavuka kiwango hicho mara kwa mara; alasiri jua na upepo vinakausha, na kila kitu kinaonekana kimepona. Fundi anayekuja saa tisa mchana haoni kosa lolote, anaondoka na fedha yake, na usiku mapigo yanarudi.

Fungua soketi ya kebo na uitazame kwa kioo cha kukuzia. Pini ya katikati, iliyotakiwa kung'aa dhahabu, utaikuta na ukungu wa kijani kwenye shina lake, pale dhahabu ilipokwanguka na shaba ikabaki uchi. Kwenye plastiki nyeupe iliyoizunguka kutakuwa na njia nyembamba ya kahawia inayotoka pini hadi ukingo. Hiyo ndiyo njia ya mkondo unaovuja. Kwa SiPM ya volti 56 uvujaji huo ni kelele; kwa anayetumia mirija ya zamani ya kukuza mwanga, inayotaka volti zipatazo 1,000, ni cheche kabisa.

Kosa la kawaida kwenye matibabu ni kupangusa kwa spiriti peke yake. Chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti, unaisambaza tu. Zima kila kitu, ondoa volteji, osha bodi kwa maji yaliyotoneshwa na brashi laini, kisha ndipo utumie spiriti kufukuza maji, halafu kausha kwa saa kadhaa mahali penye joto. Ikishakauka ipake vanishi ya kielektroniki, isipokuwa kwenye soketi na uso wa SiPM. Ndani ya kisanduku weka silika jeli ile inayobadilika rangi, uikaushe kwenye jiko rangi inapogeuka. Mwenye fuwele ya NaI (iodidi ya sodiamu) awe mwangalifu mara mbili, maana hiyo yenyewe hunyonya maji. Ikianza kuwa ya manjano na kilele kupanuka, mfuko wake umevuja na kuosha hakutasaidia.

Vigunduzi vya mionzi na hewa hii ni wenyeji wa zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, iliruka setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei. Iliruka siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina hilo. Vijana wa Ngomeni wanaopita pale kila siku wanastahili kujua kwamba ilibeba vigunduzi vya gesi ambavyo ni jamaa wa vile vilivyo mezani kwao.

Dalili: chanzo kimo kabatini, na matukio pacha bado yanakuja

Hapa mtu hufurahi bure, kwa sababu kilele cha muda, kwenye grafu ya tofauti ya muda kati ya mapigo ya pande mbili, kinatokea chembamba na kizuri, katikati kabisa ya sifuri. Ni umeme. Cheche ya swichi, inveta ya sola ya bei nafuu au chaja ya laputopu huingia kwenye kebo zote mbili kwa mara moja, na programu inaona mapacha kamili.

Tazama pigo lenyewe kwenye oskiloskopu. Pigo la LYSO hupanda haraka na kushuka kwa ulaini upande mmoja tu. Pigo la umeme hutetemeka juu na chini. Kisha sogeza kigunduzi kimoja mbali nusu mita: matukio ya kweli yatapungua sana, ya umeme yatabaki pale pale. Chomoa chaja ya laputopu uende kwa betri. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani, ili waya wa ardhi uwe na njia moja. Vifaa viwili kwenye soketi za kuta mbili hutengeneza duara la waya linalonasa kila kelele ya mtaa. Ikibidi, endesha vikuza-ishara kwa betri ya volti 12 na vidhibiti vya volteji vya kawaida, si vile vinavyowasha na kuzima umeme kwa kasi.

Matukio machache ya kweli yatabaki hata bila chanzo. Lutetiamu-176 hutoa chembe ya beta inayobaki kwenye fuwele yake pamoja na fotoni za keV 307 na 202 zinazoweza kutoka na kuigonga fuwele ya pili. Hayo usiyaonee wasiwasi. Yatumie kulinganisha saa za vigunduzi viwili siku ambayo huna chanzo.

Dalili: kila kigunduzi kinahesabu vizuri, matukio pacha hakuna

Pima urefu wa kebo. Pigo hutumia nanosekunde 5 kwa kila mita ya kebo ya kawaida. Upande mmoja mita 2 na mwingine mita 5 ni tofauti ya nanosekunde 15, na dirisha la muda (tofauti ya muda inayokubaliwa kati ya mapigo mawili) la nanosekunde 6 halitaona kitu. Fungua dirisha hadi nanosekunde 100, kilele kitatokea pembeni, rekebisha kwenye programu, kisha ufunge tena. Hakikisha pia chanzo kiko kwenye mstari mmoja na fuwele zote mbili. Kwa fuwele za milimita 3, kukosea kidogo kunatosha kupoteza kila kitu. Uzi wa kushonea uliovutwa kutoka fuwele moja hadi nyingine utakuonyesha.

Kilele kikishatokea, sogeza chanzo sentimita 15 kuelekea upande mmoja, kwenye mstari ule ule. Kilele kinapaswa kuhama nanosekunde 1. Kisipohama, unachokitazama si mapacha.

Kilele kikiwa kipana mno, anza na ncha ya kebo. Bila kipinga cha ohmu 50 pigo hurudi. Kwa kebo ya mita 2 utaliona tena baada ya nanosekunde 20. Halafu angalia namna ya kuchukua wakati: kizingiti kisichobadilika huona pigo kubwa mapema na pigo dogo kwa kuchelewa. Chukua wakati kwenye sehemu fulani ya urefu wa kila pigo, au kubali tu matukio yaliyo kwenye kilele cha 511.

Dalili: kilele cha 1275 hakiko mahali pake

Sodiamu-22 hutoa pia fotoni ya keV 1275, na uwiano wake na 511 ni karibu 2.5. Kwenye SiPM unaweza kuukuta chini ya 2. Hakuna kilichoharibika. Chipu ya milimita 3 yenye seli za maikromita 50 ina seli 3,600 hivi, na ni kama matatu: viti vikijaa, abiria wa ziada hahesabiki. Rekebisha mstari wa nishati kwa kutumia alama zaidi ya mbili, au chagua chipu yenye seli ndogo zaidi.

Dalili: matukio ya uongo yanaongezeka kuliko ya kweli

Ya uongo, yaani fotoni mbili zisizo pacha zilizogonga pamoja kwa bahati, ni sawa na upana wa dirisha la muda mara hesabu za upande mmoja mara za upande wa pili. Kwa dirisha la nanosekunde 10 na hesabu 1,000 kila upande, ni moja kwa kila sekunde 100. Kwa 50,000 kila upande ni 25 kwa sekunde. Ukiongeza chanzo maradufu, ya kweli yanazidi mara mbili na ya uongo mara nne, basi kuongeza chanzo hakutakuokoa. Yapime kwa dirisha la pili lililocheleweshwa, uyatoe, na lile la kwanza ulibane.

Dalili: ramani ya fuwele nyingi imeungana

Mwenye tofali la fuwele nyingi juu ya SiPM chache huona madoa, doa moja kwa kila fuwele. Madoa ya pembeni yakiungana peke yake, mara nyingi ni kiputo kwenye gundi. Ramani yote ikivutwa upande mmoja, kuna njia moja ya SiPM iliyokufa au iliyo dhaifu. Zibadilishe kebo mbili uone kama mvuto unahama. Ukihama na kebo, ni kebo au soketi yake. Ukibaki, ni SiPM au kikuza-ishara chake. Kwenye duara zima la vigunduzi, tofali lililokufa huacha mkanda mweusi wa mshazari kwenye sinogramu (ramani ya matukio kwa pembe na umbali), na unaweza kujua ni lipi kabla ya kufungua chochote.